Dagaa waliobadilika rangi: Protini iliyomo kwenye sufuria lakini haifiki mwilini



Katika vijiji vya Kata ya Kapalamsenga, Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, mama anapomwanzishia mtoto wake chakula baada ya kutimiza miezi sita, nasaha anayopewa na wengi ni ile ile: msagie dagaa, uchanganye katika uji. Nasaha hiyo ni sahihi. Dagaa waliokauka wana protini inayozidi nusu ya uzito wao, na hakuna nyama wala maziwa vinavyopatikana kwa wepesi kama wao katika ukanda huu unaopakana na Ziwa Tanganyika. Samaki wanaovuliwa kwenye mialo kama ya Ikola na Karema hupanda kwa magari na pikipiki kuelekea bara, hupita vijijini, hufika Mpanda, na kutoka hapo wengine huendelea na safari kwa barabara na kwa reli iendayo Kaliua na Tabora.

Lakini lipo swali ambalo akina mama huulizana bila kupata jibu la kuridhisha. Mtoto anakula uji wenye dagaa kila siku, mbona uzito wake haupandi? Majibu ya swali hili ni mengi: maradhi ya kuhara, minyoo, malaria, uji mwepesi mno, milo michache. Kila moja lina nafasi yake na linahitaji kituo cha afya. Makala haya yanazungumzia jibu moja ambalo halisemwi mara nyingi, nalo ni kwamba protini inaweza kuwemo ndani ya sufuria, ikapimwa na ikaonekana, lakini mwili wa mtoto ukashindwa kuitumia kwa sababu ilikwisha kufungwa kikemia kabla ya kufika mezani.

Mkono ulio huru

Protini ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Mwili hauwezi kuutumia mnyororo mzima. Ni lazima ukatwe vipande vipande tumboni na katika utumbo mwembamba, na kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya. Kimoja muhimu katika hivyo huitwa tripsini, na hakikati popote kinapotaka. Hutafuta sehemu mbili tu za mnyororo: penye asidi amino iitwayo laisini na penye nyingine iitwayo ajinini. Hapo ndipo hukata.

Laisini ina sifa ya pekee. Mbali na sehemu zinazoiunganisha na wenzake katika mnyororo, ina mkono mmoja wa ziada uliobaki huru. Mkono huo ndio unaoitambulisha kwa tripsini, na huo huo ndio unaoiponza, kwa kuwa ni mwepesi wa kushikamana na kemikali za jamii ya kabonili. Hizi ni kemikali zenye kaboni na oksijeni zilizoungana kwa kiungo maradufu, na zimetuzunguka kila siku. Zimo katika sukari ya glukosi, katika sukari ya maziwa, katika moshi wa kuni, na huzaliwa katika mafuta ya samaki yanapochacha.

Kabonili inapokutana na mkono huru wa laisini, hufanya mambo mawili. La kwanza, huufunika mkono ule, na tripsini ikipita haiitambui laisini wala haikati. La pili, baadhi ya kabonili zina ncha mbili, hivyo huushika mnyororo huu kwa ncha moja na mnyororo wa jirani kwa ncha nyingine. Minyororo ikishonwa pamoja namna hiyo huwa kama wavu uliokazwa, na vimeng'enya havipati upenyo. Protini hiyo hupita utumbo mwembamba ikiwa nzima, ikafika kwenye utumbo mpana ambako bakteria huila, na kinachobaki hutoka na choo.

Mfaransa Louis Camille Maillard ndiye aliyeeleza, mwaka 1912, jinsi asidi amino na sukari zinavyoungana zikipashwa moto na kuleta rangi ya kahawia. Rangi ya mkate uliookwa, ya kahawa iliyokaangwa na ya mahindi ya kuchoma hutokana na tendo hilo. Ndilo pia linaloleta harufu nzuri jikoni. Kwa hiyo si jambo la kuogopwa kila linapotokea. La kuangaliwa ni kiasi chake, na ni chakula cha nani.

Kwa nini laisini, na kwa nini kwetu

Mtu anayekula nyama, mayai na maziwa kila siku, akipoteza sehemu ya laisini hatadhurika, kwa kuwa anayo ya ziada. Hali ya kaya inayoishi kwa ugali ni tofauti kabisa. Katika kila gramu 100 za protini ya mahindi, laisini haifiki gramu 3. Kwa mujibu wa viwango vya Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo (FAO), mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji protini yenye laisini ya gramu 5.2 katika kila gramu 100. Uji wa mahindi peke yake una nusu tu ya kinachotakiwa.

Samaki ana gramu 8 hadi 9, na maharage yana gramu 6 hadi 7. Ndiyo maana wazee wetu, bila ya maabara, waliukuta ugali na samaki, au ugali na maharage, vikikamilishana. Samaki huja mezani kwa ajili ya kuziba pengo la mahindi, na kitu kikubwa anachokuja nacho ni laisini. Ikiwa laisini hiyo ndiyo iliyofungwa na moshi, jua kali na mafuta yaliyochacha, basi mgeni amefika lakini zawadi yake imebaki njiani.

Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika Mkoa wa Rukwa, jirani wa Katavi na ambao nao unalima mahindi kwa wingi na kupakana na ziwa hilo hilo, idadi ilikuwa karibu nusu ya watoto. Kudumaa kuna sababu nyingi, na hatusemi kwamba ufungaji wa laisini ndiyo sababu kuu. Tunasema kwamba katika nyumba yenye uwezo wa kununua kisado kimoja tu cha dagaa, haifai sehemu ya thamani yake ipotee kwa jambo linaloweza kuzuilika.

Njia tatu za samaki kuharibika

Ya kwanza ni mafuta. Samaki wa Ziwa Tanganyika, dagaa pamoja na migebuka, wana mafuta laini ambayo ni mazuri mno kwa ubongo wa mtoto, lakini ni mepesi kuharibiwa na hewa, joto na mwanga. Yanapochacha huzaa kabonili, mojawapo ikiwa malondialdehaidi, ambayo ina ncha mbili. Kabonili hizo huigeukia protini iliyo jirani. Dagaa aliyekuwa na rangi ya fedha huwa manjano, kisha kahawia, na harufu yake hubadilika. Watu wengi hudhani hasara hapo ni ya ladha peke yake. Kumbe rangi ile ni alama ya protini iliyokwisha kushikwa.

Dagaa waliokaushwa juu ya mchanga huchelewa kukauka kwa upande wa chini, huokota uchafu, na mvua ikinyesha hulowa upya. Unyevu wa kati, yaani samaki asiye mbichi wala mkavu barabara, ndio mazingira ambamo matendo haya ya kikemia huenda mbio zaidi. Huko Burundi, ng'ambo ya ziwa hili hili, FAO iliwafundisha wakaushaji kuanika dagaa juu ya vichanja vya waya vilivyoinuliwa kutoka ardhini. Hewa hupita juu na chini, dagaa hukauka upesi, na mvua ikija ni rahisi kuwafunika.

Ya pili ni moshi. Samaki wa kubanika hupata rangi yake ya dhahabu kutokana na kabonili za moshi, zikiwemo formaldehaidi na glaioksali, zinapoungana na protini ya juu ya samaki. Moshi una faida. Hukausha, hufukuza nzi, huua baadhi ya vijidudu na huchelewesha kuchacha kwa mafuta. Bila moshi, migebuka asingefika bara. Kwa kuwa kabonili huishia zaidi kwenye tabaka la nje, migebuka mnene nyama yake ya ndani hubaki salama kwa sehemu kubwa. Dagaa, ambaye mwili wake wote ni kama tabaka la nje, huathirika zaidi akipigwa moshi mzito. Samaki aliyebanikwa hadi akawa mweusi na mgumu kama gome amepoteza zaidi ya ladha, na juu ya hayo hubeba masizi yenye kemikali zinazohusishwa na saratani.

Ya tatu ni ghala na safari. Gunia lililokazwa, likawekwa chini ya bati lenye joto kwa miezi, huendeleza matendo yale yale kimyakimya. Mwanasayansi Mwingereza Kenneth Carpenter, aliyekuwa akichunguza vyakula vya asili ya wanyama ukiwemo unga wa samaki, alichapisha mwaka 1960 njia ya kupima laisini ambayo mkono wake bado uko huru. Kabla ya hapo, ubora wa unga ulipimwa zaidi kwa kuhesabu naitrojeni, njia iliyobuniwa na Mdenmark Johan Kjeldahl mwaka 1883 na inayotumika hadi leo. Kasoro yake ni kwamba naitrojeni haipungui laisini inapofungwa. Unga mzuri na unga ulioungua husomeka sawa katika kipimo, lakini mwili unautambua ulio mzuri. Mwaka 2013, FAO ilipotoa mapendekezo mapya ya kupima ubora wa protini, ilisisitiza kwamba kwa vyakula vilivyopitia joto kali au usindikaji, ihesabiwe laisini iliyo huru na wala si laisini yote.

Formalini: mfano wa wazi

Anayetaka kuelewa nguvu ya kabonili na aangalie formalini, yaani formaldehaidi iliyoyeyushwa katika maji. Hutumika kuhifadhi maiti hospitalini na katika viwanda vya ngozi, kwa sababu hushona minyororo ya protini hata bakteria wakashindwa kuila. Miaka ya 1960, watafiti wa Australia waliitumia kwa kipimo maalumu kwenye chakula cha kondoo ili protini ipite tumbo la kwanza bila kuliwa na vijidudu, ikameng'enywe mbele. Kipimo kikizidi, haimeng'enywi popote.

Basi atakayethubutu kunyunyizia formalini samaki au nyama ili isioze ametenda makosa mawili: amemlisha Muislamu mwenziwe sumu, na amemuuzia protini ambayo imekwisha kufungwa. Samaki ambaye nzi hamsogelei, naye hana dalili ya chumvi, moshi wala barafu, ni wa kutiliwa shaka.

Moto si adui

Isifahamike kwamba tunawaita watu wale vyakula vibichi. Joto la wastani huikunjua protini na kuifanya iwe nyepesi kukatwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 na watafiti wa Ubelgiji ulionesha kwamba protini ya yai lililopikwa humeng'enywa kwa takriban asilimia 91, ilhali ya yai bichi ni takriban asilimia 51. Soya na maharage nayo yana vizuizi vya tripsini ambavyo huondolewa kwa kupikwa vizuri. Kwa hiyo kukaanga soya kabla ya kusaga unga wa lishe ni jambo la lazima. Kosa ni kuikaanga hadi iwe kahawia iliyokolea. Kati ya ubichi na kuungua kuna njia ya kati, na Uislamu umetufundisha wasatiya katika kila jambo.

Hapa ndipo akina mama wanaotengeneza unga wa lishe wanapaswa kuwa makini. Kaanga mahindi, soya na karanga kila kimoja peke yake, kwa moto mdogo, ukigeuza daima, na uepue rangi inapoanza tu kuwa ya dhahabu. Dagaa usiwakaange pamoja na nafaka. Waondoe vichwa na mchanga, waoshe kwa maji ya moto, wakaushe upesi, kisha wasage. Saga unga wa wiki mbili au tatu, usisage wa miezi sita. Unga uliosagwa hukutana na hewa kuliko dagaa mzima, na mafuta yake huchacha mapema. Uhifadhi katika chombo kikavu chenye mfuniko, mahali penye ubaridi na kivuli.

Magadi nayo yatumike kwa uangalifu. Huharakisha kuiva kwa maharage, lakini hali ya ualkali huchochea laisini kufungwa na huharibu vitamini B1. Kuloweka maharage usiku kucha hufanya kazi hiyo hiyo bila hasara. Kinyume chake, ndimu na ukwaju huleta hali ya uasidi inayopunguza kasi ya matendo haya. Samaki aliyepakwa ndimu na chumvi kabla ya kupikwa amepata ladha na kinga kwa pamoja.

Maziwa ya unga yana protini na sukari ya maziwa pamoja, na sukari hiyo ni ya jamii ya kabonili. Kopo lililokaa juani dukani, ambalo unga wake umegeuka kutoka rangi ya malai na kuwa manjano au kahawia, halifai kwa mtoto hata kama tarehe yake haijapita. Na asali ya misitu yetu ya miombo, neema kubwa ya Katavi, tiwa ndani ya uji ukishaepuliwa, wala usiichemshe pamoja na maziwa. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa kuhofia sumu ya bakteria inayoweza kumdhuru.

Wale wenye ndugu wanaougua kisukari huenda wamesikia hospitalini kipimo kiitwacho HbA1c. Msingi wake ni tendo hili hili. Glukosi iliyozidi katika damu hushikamana na protini ya chembe nyekundu, na daktari akipima kiasi kilichoshikamana hujua hali ya sukari katika miezi miwili hadi mitatu iliyopita.

Amana ya mzazi na ya mfanyabiashara

Qur'ani Tukufu, katika Surat al-Baqara, inatuamrisha tule vilivyo halali na vilivyo vizuri. Mara nyingi tunajitahidi sana katika neno la kwanza, tukauliza nani amechinja na kwa jina la nani, kisha tukalisahau la pili. Katika Surat an-Nahl, Allah (SW) anataja kuwa ametiisha bahari ili tule humo nyama iliyo mbichi, laini. Na katika Surat Abasa mwanadamu anahimizwa akitazame chakula chake. Kukitazama ni kukifikiri: kimetoka wapi, kimepita wapi, na kitamfanyia nini anayekila.

Kwa mfanyabiashara wa samaki lipo funzo zito. Imepokewa kwamba Mtume (SAW) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu chini. Alimkemea muuzaji kwa kuwaficha watu kilicholowa, akaeleza kuwa mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Gunia la dagaa lenye wa fedha juu na wa kahawia chini ni rundo lile lile. Wa kahawia wanaweza kuuzwa kwa uwazi na kwa bei yao, kuwa chakula cha kuku kwa mfano, na mnunuzi akajua anachonunua. Kuwachanganya ni kumdhulumu mtoto ambaye hata meno hajaota.

Nasi wanunuzi tusiwe wavivu wa kutazama. Tia mkono ndani ya gunia. Chukua dagaa wa juu na wa chini, wavunje, wanuse. Dagaa mwema huvunjika kwa mlio, rangi yake bado inang'aa, na harufu yake ni ya samaki na si ya mafuta yaliyochacha. Migebuka wa kubanika achaguliwe wa rangi ya dhahabu, siyo mweusi. Fedha isipotosha, nunua kidogo kilicho kizuri na ujazie kwa maharage, choroko au karanga. Na samaki mbichi wakipita kijijini, mtoto apate hata kipande kidogo kilichochemshwa na kupondwa vizuri, huku miiba ikiwa imeondolewa. Mama naye aendelee kunyonyesha hadi miaka miwili kwa atakaye kukamilisha, kama Surat al-Baqara inavyoelekeza.

Ikiwa haya yote yamefanyika na mtoto bado haongezeki, asilaumiwe mama wala dagaa. Apelekwe kliniki akapimwe uzito, urefu na maradhi, kwani kila ugonjwa una dawa yake, na kuitafuta ni sehemu ya kumtegemea Allah.

Tunamuomba Allah atujaalie chakula cha halali chenye kheri, na atukuzie watoto wetu katika afya na twaa yake. Wabillahi tawfiq.